Bajeti ya mama maandazi: nani alilisha Dar es Salaam miaka ya 1980?

Kuna ushauri mmoja ambao kila Januari hurudi magazetini na redioni kama mafua ya msimu. Mshahara ukiingia, chukua karatasi, ugawe mafungu: kodi ya nyumba, chakula, ada, nauli, akiba. Ukishindwa hapo, mtaalamu mwenye tai anakwambia kwamba tatizo ni nidhamu yako. Jamani, sina ugomvi na karatasi. Ugomvi wangu uko kwenye lile neno la kwanza, "mshahara". Ushauri huu unachukulia kwamba bajeti ya nyumba inaanza na mshahara, na kwamba wazee wetu waliishi hivyo hivyo, tena kwa nidhamu kuliko sisi.

Ukiifuatilia historia ya jiji la Dar es Salaam unakuta hadithi nyingine kabisa. Ukiacha miaka michache baada ya uhuru, mshahara haukuwahi kutosha kuwa bajeti ya familia. Na kuna kipindi, tuseme kati ya 1974 na 1988, ambapo mshahara uligeuka kuwa kitu cha kulipia nauli ya kwenda kuuchukua mshahara wenyewe. Nyumba hazikufa njaa. Kuna mtu alikuwa anapanga hesabu, na mara nyingi hakuwa yule aliyeandikwa kwenye fomu kama mkuu wa kaya.

Tuanze nyuma kidogo. Mkoloni alimlipa mfanyakazi Mwafrika mshahara wa mseja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: huyu bwana ana mke na watoto kijijini, wanalima, wanajilisha wenyewe, kwa hiyo kinachotakiwa ni kumlisha yeye mmoja na kumpa pa kulala. Familia ikimfuata mjini, shauri lake. Ndiyo maana makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 wakagoma kwa kishindo mpaka mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Madai makubwa yalikuwa gharama za maisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na mgao wa chakula na nguo mjini, tena uliopangwa kwa rangi ya mtu: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwafrika lake. Kwa hiyo wanaodhani foleni na kadi za mgao zililetwa na Ujamaa wanakosea kwa miaka thelathini na kitu.

Mwingereza mmoja, J.A.K. Leslie, alifanya utafiti wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mwaka 1956, na kitabu chake kikatoka 1963. Picha ya miaka hiyo tunaijua hata leo: wiki ya kwanza ya mwezi watu wanakula wali, baadaye tarehe zinakuwa mbovu, mwisho wa mwezi ni mwambo. Katikati ya mwezi nguo nzuri inapelekwa rehani, mwisho wa mwezi inakombolewa, na mwezi ujao inarudi rehani. Ukitaka kuita hiyo ni bajeti mbaya, ita. Mimi naona ni bajeti ya mtu aliyepewa shilingi ya mtu mmoja akaambiwa alishe watu watano.

Uhuru ulikuja na ahadi kwamba sasa mshahara utakuwa wa familia. Na kwa muda ahadi hiyo ilitembea. Serikali ilipandisha kima cha chini, ada ya shule ya msingi ikaondolewa 1973, matibabu yakawa bure kwenye hospitali za serikali. Mwaka huo huo wa 1973 ikaundwa Tume ya Taifa ya Bei, ikawa inapanga bei za bidhaa kwa maelfu. Unga ulitoka Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC, na bidhaa nyingine zikapitia RTC, yale makampuni ya biashara ya mikoa. Kima cha chini mjini kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi mwaka 1975. Kwa bei zile za serikali, karani au mfanyakazi wa kiwandani aliweza kweli kuchukua karatasi na kugawa mafungu. Huyu ndiye baba tunayesimuliwa, anayeacha hela ya kula mezani asubuhi kabla hajaondoka kazini.

Lakini angalia mfumo wenyewe ulivyojengwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, au kumiliki nyumba ya kupangisha. Na kwa mujibu wa Azimio, kiongozi hakuwa mtu mmoja tu. Alikuwa ni mume pamoja na mke wake, au mke pamoja na mume wake. Nia ilikuwa safi, sibishi. Waliogopa mafisadi wajifiche nyuma ya majina ya wake zao, na tukiangalia mambo yaliyokuja kutokea baadaye hawakuwa wajinga. Ila kwa upande wa bajeti ya nyumba, maana yake ni kwamba nyumba ya kiongozi ilitegemewa iishi kwa mshahara mmoja na basi. Kila kitu kiliegemea sharti moja: bei zikae pale zilipo na bidhaa ziwepo dukani.

Sharti hilo lilivunjika vipande vipande. Ukame wa 1973 na 1974. Bei ya mafuta ikapanda 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, vita ikatugharimu fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Si hayo tu. Tuseme na ukweli wa upande wetu pia, kwamba mkulima alilipwa bei ndogo mno na mashirika ya umma, kwa hiyo akaona bora auze kwa magendo au alime cha kula mwenyewe. Ilipofika 1981 kima cha chini kilikuwa shilingi 600. Kwenye karatasi kilikuwa kimepanda. Dukani kilikuwa kimeanguka, maana hakuna kitu cha kununua kwa bei ya serikali, na bei ya mlanguzi haikuwa kwenye jedwali la Tume yoyote.

Hapa ndipo bajeti inapobadilika sura, na hapa ningependa tukae kidogo.

Waulizeni wazazi wenu waliokuwa mjini miaka ya mwanzo ya themanini. Watakuambia habari za sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, dawa ya meno, khanga, betri za redio. Watakuambia habari za unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliubatiza jina la yanga kwa sababu ya rangi. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Wengine walivaa katambuga za matairi ofisini. Kulikuwa na maduka ya ushirika na yale yaliyoitwa maduka ya kaya, ambako unakwenda na kadi na idadi ya watu wa nyumbani kwako, na balozi wa nyumba kumi anakutambua kwamba kweli hao watoto sita ni wako na hukuazima wawili kwa jirani.

Foleni ilianza alfajiri. Mtu akichoka anaweka jiwe, au kikapu, au kandambili moja, na lile jiwe linaheshimiwa kama mtu mzima. Vijana wa sasa wanacheka, lakini hebu fikiria jiwe lile kama kipengele cha bajeti. Pesa ilikuwa haitoshi kupata kitu. Ulihitaji muda, ulihitaji mtu wa kusimama, na ulihitaji habari: gari la RTC limeshusha wapi, lini, kitu gani. Nyumba yenye watu wengi, ambayo mtaalamu wa leo angesema ina mzigo, ilikuwa na watu wa kupeleka kwenye foleni tatu kwa wakati mmoja. Na ulinunua kilichopo. Umekwenda kutafuta mchele, umekuta sabuni, unanunua sabuni zote unazoruhusiwa, kwa sababu sabuni itabadilishwa na mwenye mchele. Bajeti ilihama kutoka kwenye shilingi ikaingia kwenye vitu na watu. Hakuna fungu la karatasi linaloweza kuonyesha hilo.

Sasa pesa yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye miradi. Neno hili "mradi", ambalo serikali ilikuwa ikilitumia kwa mabwawa na viwanda, kina mama wa Dar es Salaam walilichukua wakalivika aproni. Maandazi na vitumbua alfajiri. Samaki wa kukaanga jioni. Barafu kwa aliyebahatika kuwa na friji. Kushona, kusuka nywele, kuuza mkaa kwa kopo, mchicha wa bonde la Msimbazi. Wakubwa nao walifuga kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba za serikali, Azimio likiwa limetundikwa ukutani sebuleni. Ng'ombe wa Oysterbay walikuwa wanajulikana, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni wa nani.

Mtafiti Aili Mari Tripp alifanya utafiti jijini humu mwaka 1987 na 1988, na kitabu chake kilichotoka 1997 ndicho ninachokirudia kila nikitaka kujua mambo ya kipindi hiki. Anaeleza kwamba thamani halisi ya mishahara ilianguka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Soma tena hiyo namba. Anaeleza pia kwamba mwishoni mwa kipindi hicho sehemu kubwa mno ya mapato ya nyumba za mjini, karibu sehemu tisa kati ya kumi, ilitokana na shughuli hizi zisizo rasmi. Kwa maneno mengine, baba aliyekuwa "analisha familia" alikuwa analeta sehemu moja ya kumi, na mama mwenye karai alikuwa anatafuta zile tisa pamoja na watoto. Heshima ya mezani ilibaki pale pale lakini. Finyango kubwa aliendelea kupewa baba.

Na pesa hii ilikuwa na utaratibu wake. Iliingia kila siku, kidogo kidogo, na kwa hiyo ilitaka uangalizi kila siku. Kosa la kwanza la biashara ndogo ni kula mtaji, na kila mama muuza maandazi alijua hivyo bila kusoma mahali. Mtaji wa kesho, yaani unga, mafuta, sukari na kuni, unatengwa kwanza, kabla hata ya kitoweo cha leo. Unafungwa kwenye pindo la khanga, mbali na hela nyingine. Kinachobaki ndicho chakula. Kikibaki tena, kinaingia kwenye upatu. Kina mama kumi wanachanga kiasi kilekile kila wiki au kila siku, na kila zamu mmoja anabeba chungu kizima. Pesa ya upatu haikuwa ya kula. Ilikuwa ya bati, ya sare za shule, ya cherehani, ya kuongeza mtaji. Hebu niambieni tofauti yake na yale mafungu ya mtaalamu mwenye tai. Naona moja tu: upatu ulikuwa na watu tisa wanaokudai kesho asubuhi, na hiyo ni nidhamu kuliko karatasi yoyote. Kingine ni kwamba pesa ikikaa kwenye upatu mume hawezi kuiazima. Hili wanawake walilijua vizuri sana, na sidhani lilikuwa jambo dogo.

Basi, katikati ya hali hii, serikali ilifanya nini? Mwaka 1983 zilikuja sheria mbili. Ya kwanza ni ile ya wahujumu uchumi. Msako ulianza Machi, sheria ikapitishwa Aprili, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Watu walioficha mali walikamatwa, na wengine walimwaga vitu usiku mitaroni kwa hofu. Wananchi wengi walishangilia, na mpaka leo jina la Sokoine linatajwa kwa heshima kwa sababu hiyo. Bidhaa zilipungua zaidi baada ya hapo, maana mlanguzi alikuwa pia ndiye msambazaji, lakini nielewe: mtu aliyekaa miezi bila sabuni hakuwa na sababu ya kumlilia mwenye bohari.

Ya pili ndiyo inayonihusu hapa. Ni ile iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo alitakiwa awe na kazi inayotambulika. Asiye nayo ni mzururaji, apelekwe kijijini au kwenye mashamba ya mkonge akazalishe. Mwishoni mwa 1983 watu walianza kukusanywa mitaani Dar es Salaam. Na ukishakuwa na kigezo kwamba kazi ni ile yenye kitambulisho cha mwajiri, mama wa vitumbua anaingia kwenye kundi gani? Anaingia kwenye la wazururaji. Yule anayelipia sehemu tisa za chakula cha jiji, ikiwa ni pamoja na chakula cha karani anayemwandika jina na askari anayemkamata, alihesabiwa kuwa hana kazi. Mke wa askari mwenyewe huenda alikuwa anauza barafu.

Zoezi halikudumu. Waliopelekwa walirudi, wengine kabla lori halijapoa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, na kasi ya mambo haya ikapoa. Serikali ilikuwa imeanza kukubali yaliyoonekana wazi. Mwaka huo huo wa 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa jijini, ndiyo hizi daladala, zilizopewa jina kwa ile nauli ya shilingi tano, dala. Mwaka 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Maduka yakajaa. Kafa Ulaya, yaani mitumba, zikaanza kuvisha watu.

Ila usidhani nyumba zilipumua. Kilichofanyika ni kubadilisha tatizo. Zamani bei ilikuwepo na kitu hakipo. Sasa kitu kipo na bei haishikiki. Ruzuku ya sembe iliondolewa kwenye bajeti ya serikali ya 1984. Ada ya sekondari ikarudi. Kodi ya maendeleo nayo ikarudi. Novemba 1985 Mwalimu Nyerere akamwachia Ali Hassan Mwinyi, tukaingia enzi za Mzee Ruksa, na 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwezi Juni mwaka huo dola moja ikawa shilingi 40; miaka mitatu nyuma ilikuwa kama 12. Bei zilikuwa zikipanda kwa karibu theluthi moja kila mwaka. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa huduma hospitalini. Kila mzigo ulioshushwa kutoka kwenye bajeti ya Hazina ulitua kwenye bajeti ya nyumba, na mtu wa kuupokea alikuwa yule yule mwenye karai.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Kuna watu wanapenda kusema kina mama wetu walikuwa mashujaa, wakaishia hapo. Ushujaa ule ulikuwa na gharama, na gharama hizo hazikuandikwa popote. Mama aliamka saa tisa usiku kuumua unga, kisha akaenda kazini kama wengine, kisha jioni akakaanga samaki. Watoto walizungusha sinia la maandazi kabla ya kengele ya shule, wengine badala ya kengele ya shule. Ili mama aweze kutoka, aliletwa binti kutoka kijijini Singida au Iringa, miaka kumi na mitatu, alee watoto kwa ujira wa khanga na ahadi. Bajeti ya nyumba moja ililingana kwa sababu ya msichana ambaye hakuwa kwenye hesabu.

Na ofisi nazo zililipa. Mtumishi ambaye mshahara wake unaisha tarehe tano hawezi kukaa mezani mpaka tarehe thelathini. Mwalimu akahamishia somo kwenye tuisheni. Mhudumu wa hospitali akauza dawa. Karani akajifunza kwamba faili linaweza kupotea na kuonekana. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa Januari 1996, ilitenganisha rushwa ya wakubwa, inayotokana na tamaa, na rushwa ndogo ya watumishi ambao kipato hakiwatoshi kuishi. Wengi tuliusoma mgawanyo huo kama habari za utawala bora. Mimi nausoma kama habari za bajeti ya nyumba. Lile pengo kati ya mshahara na sufuria lilizibwa na maandazi mahali pengine, na mahali pengine likazibwa na mwananchi aliyekuwa mbele ya dirisha.

Jambo la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Nchi hii ina desturi ya kupima matumizi ya nyumba zetu. Wanatuma watu wanahoji, wanaandika kila kilichonunuliwa. Mwaka 2000/01 kaya zaidi ya 22,000 ziliandikiwa matumizi yao kwa siku 28 mfululizo, mpaka fungu la dagaa. Utafiti wa kitaifa wa aina hiyo ulifanyika 1969. Ukafanyika tena 1976/77, wakati foleni ndiyo kwanza zinaanza. Uliofuata ni wa 1991/92. Katikati pana miaka kumi na mitano tupu, na ndiyo hiyo miaka ya jiwe kwenye foleni, ya yanga, ya Nguvu Kazi, ya upatu na ya shilingi 40. Wakati watu wa takwimu wanarudi kugonga milango mwaka 1991, walikuta zaidi ya theluthi mbili za matumizi ya kaya zinakwenda kwenye chakula. Hesabu za miaka ya katikati zilikuwa kichwani mwa mtu aliyekuwa jikoni.